Amélie wa kwenye gauni jeusi, na Sargent aliyemchora

Kwenye ukuta wa kibanda changu cha kuchorea hapa Mwanga, Kigoma, nimebandika picha niliyoprinti ya mwanamke wa kizungu amesimama na gauni jeusi, mabega wazi, uso kaugeuzia pembeni, na karibu kila mteja anayeingia lazima aulize, dada huyu nani, ni mtu wa mitindo au, mbona mweupe hivi? Wengine wanadhani ni picha ya kamera. Nimejibu sana kwa mdomo, leo nimeona niandike yote ninayoyajua na ninayoyaamini kuhusu hii picha, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuziangalia, na kuna mtu ndani yake nataka nimtetee.

Inaitwa Madame X. Ni rangi za mafuta, ilichorwa mwaka 1883 kuingia 1884, na yenyewe halisi iko New York kwenye makumbusho ya Metropolitan Museum of Art, ina zaidi ya mita 2 kwenda juu, yaani yule mwanamke ni saizi ya mtu kabisa. Mi sijafika New York. Ninachofanya ni kuingia kwenye tovuti yao, wameiweka picha kubwa na ni bure, ukiwa na bando la kutosha unaidaunlodi alafu unazumu mpaka unaona mahali brashi ilipopita, unaona alipokandamiza na alipogusa tu akaacha. Nimejifunza vitu vingi kwa kuzumu sehemu moja moja ya hiyo picha, mkono, shingo, meza, lile pambo la umbo la mwezi mchanga kwenye nywele, na kila nikirudi naona kitu ambacho sikukiona.

Aliyeichora ni John Singer Sargent. Mmarekani, lakini kazaliwa Florence, Italia, mwaka 1856, maana wazazi wake walitoka Philadelphia, baba alikuwa daktari, wakawa wanahama hama Ulaya, msimu huu huku, msimu ule kule, na mama ndiye aliyekuwa anapenda zaidi hayo maisha na ndiye aliyempa mtoto vitabu vya kuchorea. Kwa hiyo kijana hakukaa shule moja kwa muda mrefu ila alikua anaongea Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani, na mkono wake ulikuwa hautulii. Mwaka 1874, ana miaka 18, akapelekwa Paris kwa mwalimu anaitwa Carolus-Duran, na hapo ndipo penye siri kubwa ya kazi yake. Walimu wengi wa wakati ule walikuwa wanamkalisha mwanafunzi muda mrefu na penseli au mkaa kabla hajaruhusiwa kugusa rangi, huyu yeye alikuwa anataka ushike brashi toka mwanzo, utafute kwanza rangi ya katikati ya uso, ile ambayo siyo ya kwenye mwanga na siyo ya kwenye giza, ukiipata hiyo ndiyo unapandisha na kushusha. Na alikuwa anawaimbia wanafunzi jina moja tu, Velázquez, yule Mhispania wa miaka ya 1600. Sargent akaenda mpaka Madrid mwaka 1879 kuzinakili picha za Velázquez kwa mkono wake mwenyewe.

Hili la rangi ya katikati naomba nikae nalo kidogo, maana limebadilisha kazi yangu. Mafundi wengi wa hapa nyumbani tunaanza na kahawia moja tunaipaka uso mzima alafu tunaongeza nyeupe kwenye pua na paji, ndo maana sura nyingi za kuchora zinatoka zimekufa. Ngozi yetu haiko hivyo. Mkalishe mtu kivulini mchana, tuseme chini ya mwembe kule Ujiji, mwangalie paji la uso, utaona kuna bluu ya mbingu imekaa pale juu, kabisa, na chini ya kidevu kuna wekundu unaotoka kwenye udongo, na katikati ya hayo mawili ndiyo ipo rangi yake ya kweli, ambayo ukiichanganya peke yake kwenye sahani unaona siyo nzuri hata kidogo lakini ukiiweka mahali pake mtu anapumua. Sargent ngozi alizochora ni nyeupe karibu zote lakini njia ni ile ile. Na alikuwa anaweka kanvasi pembeni ya mtu anayemchora, anarudi nyuma mpaka mbali, anawaangalia wote wawili kwa pamoja, mtu na picha, alafu anakuja mbio anaweka brashi moja anarudi tena. Uso ukikataa hakuwa anabembeleza kurekebisha, alikuwa anaukwangua wote anaanza upya. Hiyo kukwangua inahitaji moyo jamani, hasa pale tube moja ya rangi umeiagiza Dar na imekuja na basi.

Sasa mwanamke mwenyewe. Jina lake Virginie Amélie Avegno, kazaliwa New Orleans, Louisiana, mwaka 1859, familia ya Wamarekani wenye asili ya Kifaransa. Baba yake alikufa mwaka 1862 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kutokana na mapigano ya Shiloh, na mama akamchukua binti akaenda naye Paris mwaka 1867. Binti akakua, akaolewa na tajiri wa Kifaransa, Pierre Gautreau, mtu wa benki na meli, mkubwa kwake sana kwa umri. Akawa ndiye mrembo anayetajwa mjini, magazeti yanaandika amevaa nini, amekaa na nani, ametoka na shingo gani, kazi yake mjini ni kuonekana, na aliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko wengi walivyofanya za kwao. Nywele kazitengeneza kwa namna yake, poda anapaka mwili mzima ulioko wazi, uso, shingo, mikono, mpaka ngozi inakuwa na kama uzambarau fulani kwa mbali. Watu walikuwa wanasimama barabarani kumwangalia.

Wachoraji wengi walimtaka. Sargent naye alimtaka, akawa anatuma maneno kupitia kwa rafiki yake ambaye anafahamiana na Amélie, kwamba ana hamu kubwa ya kumchora na anadhani mwenyewe anasubiri tu mtu ajitokeze kuupa heshima uzuri wake. Hapa ndipo watu wengi wanapita haraka. Hii picha haikuwa oda. Hakuna aliyelipa hata senti. Sargent alikuwa kijana anayepanda, ameshaonekana kwenye yale maonyesho makubwa ya kila mwaka ya Paris yanayoitwa Salon, alikuwa anataka kitu kimoja kitakachomfanya kila tajiri wa mji amgongee mlango. Na Amélie alikubali kwa sababu na yeye alikuwa anataka kitu. Yaani ni wawili walioingia kwenye kazi moja, kila mtu na mtaji wake, mmoja mkono na macho, mwingine mwili wake na jina lake lote. Naomba mliweke hilo akilini maana ndo mzizi wa yote nitakayosema.

Kiangazi cha 1883 akaenda kumchorea nyumbani kwao kijijini, sehemu inaitwa Paramé, pwani ya Brittany huko huko Ufaransa, kwenye nyumba yao ya Les Chênes. Akachora michoro ya kujaribia kama 30 hivi, ameketi, amelala kwenye kochi, amepiga magoti, ipo na moja ya rangi Amélie ananyoosha glasi mezani, iko Boston kwenye makumbusho ya Isabella Stewart Gardner. Kwenye barua Sargent analalamika kwamba uzuri wa huyu mwanamke haushikiki kwa rangi na uvivu wake hauna dawa. Kila anayeandika kuhusu picha hii anarudia hayo maneno ya uvivu na mimi yananiudhi. Mwanamke ana miaka 24, ana mtoto mdogo wa kike, ana nyumba imejaa wageni, na anatakiwa asimame. Hebu jaribu wewe unayesoma, simama sasa hivi, kifua kiangalie mbele, kichwa kigeuze mpaka kiwe upande kabisa, mkono wa kulia uupeleke nyuma kidogo ushike ukingo wa meza fupi huku kiwiko kimejipinda kuelekea nje, mkono wa kushoto ukamate feni na sketi, alafu kaa hivyo mpaka mchoraji aridhike. Shingo itakuuma kabla chai haijapoa. Ile pozi inaonekana ni ya mtu aliyetulia lakini ukizumu kwenye shingo unaona mshipa umekaza kutoka sikioni mpaka chini, na kwenye mkono ulioshika meza uzito wote umelalia vidole. Ni kazi. Mi nikimkalisha mtu nampa mapumziko na maji na bado analalamika, na ana haki.

Na kama mnavyodhani picha inatoka kirahisi, hii ilimtesa. Ukingo wa uso, ule mstari wa paji, pua, mdomo, kidevu, aliurudia na kuurudia, ukiangalia karibu unaona rangi ya nyuma imepandiana kuzunguka uso pale alipokuwa anakata na kuongeza. Kuna barua anamwambia rafiki yake kwamba siku moja hakuipenda ile rangi ya nyuma ilikuwa na huzuni, akaipitishia tabaka la rangi ya waridi nyepesi, akaigeuza picha kichwa chini, akaenda mwisho wa studio akaiangalia kupitia chini ya kwapa lake. Ikawa imekuwa nzuri zaidi. Hii ya kugeuza naitumia kila siku, siku hizi napiga picha na simu naigeuza kichwa chini, kosa lote linajitokeza.

Tuje kwenye ngozi, maana ndo swali la wateja wangu, mbona mweupe hivi.

Hapa Kigoma mteja anakutumia picha WhatsApp umchore, tuseme zawadi ya harusi au ya mama yake aliyestaafu, na picha ina filta, uso umelainishwa hauna kinyweleo, mweupe kuliko mikono. Au mwenyewe anakuja, mkorogo umekubali usoni umekataa kwenye vidole. Na wengi wanasema wazi, dada nifanye mweupe kidogo. Sasa mchoraji unafanya nini? Ukimchora rangi yake ya kuzaliwa atasema siyo yeye. Ukimfuata anavyotaka, unachora filta.

Sargent alikutana na jambo hilo hilo na jibu lake ndilo linalonifanya niipende hii picha. Alimwandikia rafiki yake mwanamke mwandishi akimwuliza kama anachukia watu waliojipaka mpaka wakawa rangi moja mwili mzima, uzambarau au rangi ya karatasi ya kukaushia wino, kwa sababu huyu anayemchora yuko hivyo, lakini ana mistari mizuri mno ya mwili na kama rangi yenyewe ni nzuri kwa nini asifurahi nayo. Akaichora ile poda kama poda. Wataalamu wa makumbusho waliipima rangi wakakuta kwenye ngozi kachanganya nyeupe ya risasi, nyekundu za aina mbili, kijani na nyeusi ya mifupa, kijani na nyeusi ndani ya ngozi ya mrembo! Ndo ikatoka ule ubaridi. Alafu akaliacha sikio. Zumu kwenye sikio utaona, ni jekundu, la damu, la mtu hai aliyeko chini ya poda, na kwa sababu sikio limesema ukweli basi sehemu nyingine yote inajulikana ni nini. Hajamsema vibaya, hajamfunika. Kamwonyesha kama mwanamke aliyejitengeneza mwenyewe kwa mikono yake na anayejua amejitengeneza. Mimi tangu niligundue lile sikio nimekuwa na jibu kwa wateja wangu wa filta, nawachora walivyojiremba, kwa heshima, poda yao na wanja wao na yote, na mahali pamoja padogo naiacha ngozi yenyewe iongee, kwenye kiganja au nyuma ya shingo, na wengi wakija kuichukua ni pale pale wanapopaangalia kwa muda mrefu.

Picha ikaingia Salon mwaka 1884. Kwenye orodha iliandikwa tu kwamba ni picha ya Bi fulani, na nyota tatu mahali pa jina, lakini mji mzima ulimjua kwa sekunde moja. Na kitu ambacho hukioni leo kwenye picha, kamba ya gauni ya bega la kulia, ile yenye vito, ilikuwa imeshuka begani imelala kwenye mkono. Ipo picha ya kamera ya enzi hizo inayoonyesha ilivyokuwa. Basi ikawa skendo. Rafiki wa Sargent aliyekuwepo aliandika kwamba wanawake walisogea wakiangalia kwa kejeli, ah ndiye huyu mrembo, jamani inatisha, na mchoraji mwenyewe alikuwa anajificha nyuma ya milango asikutane na watu anaowajua. Waandishi wakaandika kwamba ngozi ni ya maiti. Jioni mama yake Amélie akaenda studio analia, binti yangu ameharibika, Paris nzima inamcheka, iondoe hiyo picha. Sargent akakataa. Akasema sheria haziruhusu kuitoa, amemchora alivyokuwa amevaa, na hakuna lililosemwa kuhusu picha lililo baya kuliko lililokwisha kuandikwa kuhusu mwonekano wa huyo binti.

Hilo neno la mwisho siliwezi. Nampenda Sargent kama mwalimu wangu lakini pale alisema neno la mtu anayejiokoa. Maana angalieni, kabla ya maonyesho Amélie mwenyewe alikuwa ameshaiona picha na akaandika kwa mkono wake kwamba bwana Sargent ametengeneza kazi ya ajabu. Alisimama nayo. Aliiamini kabla mtu yeyote hajaiamini. Na kama kamba ilikuwa imeshuka, kamba zilikuwa zinashuka kwenye picha nyingi tu mle ndani, Salon ilikuwa imejaa wanawake uchi kabisa, majini wa mtoni na miungu ya Kigiriki, hakuna aliyelia. Kilichowauma ni kwamba huyu si mungu wa Kigiriki, huyu anakaa mtaa fulani, ni mke wa mtu, wanamfahamu, na hajashtuka kwamba anaangaliwa. Tena ni mgeni kutoka Marekani aliyekuja akawa mrembo wa mji wao kuliko binti zao, na aliyemchora naye ni Mmarekani. Ukiishi mji mdogo kama huu wetu wala hauhitaji maelezo marefu.

Salon ilipofungwa Sargent akairudisha picha studio akaichora kamba upya, juu ya bega, ndo hii tunayoiona. Tuna fundi mmoja mzee hapa wa kuchora vibao vya maduka na ubavu wa mabasi, baba wa wengi wetu kwenye hii kazi, yeye anasema kosa la Sargent ni hapo, ukishaonyesha kazi usiirudie. Mimi namheshimu mzee lakini sikubaliani naye kabisa. Kwa jicho la mchoraji kamba iliyosimama inabeba zaidi, inaunganisha bega na kifua kwa mstari mmoja mkali, na bega la kulia ambalo lingekuwa limelegea linapata nguvu. Makumbusho ya Tate ya London wanayo nyingine aliyoianza saizi kubwa hivyo hivyo hakuimaliza, bega la kulia halina kamba, na ukiziweka pamoja unaona ile isiyo na kamba inamfanya aonekane anasubiri kitu. Huyu wa New York hasubiri kitu.

Alafu maisha yakaendelea, na hapa ndo hesabu inapokataa. Sargent akahamia London mwaka 1886, akapanga studio mtaa wa Tite, Chelsea. Mwanzo Waingereza walimwogopa, lakini mwaka 1887 picha yake ya watoto wawili wa kike wanawasha taa za karatasi bustanini ilinunuliwa kwa ajili ya taifa (ile aliichora dakika chache tu kila jioni, mwanga wa magharibi ukiwa bado haujafa, miezi ya mwisho ya mwaka 1885 na akarudia 1886, na sisi tunaokaa mbele ya ziwa na kuona jua linazamia upande wa Kongo tunaujua ule mwanga unavyokimbia). Baada ya hapo akawa ndiye mchoraji wa matajiri wa Uingereza na Marekani wote, mwaka 1893 akaonyesha picha ya mwanamke mmoja, Lady Agnew, kwenye kiti cha maua amevaa gauni jeupe na mshipi wa zambarau, watu wakapanga foleni kuchorwa, mpaka mwaka 1907 akachoka mwenyewe akafunga mlango wa picha za watu isipokuwa michoro ya mkaa. Mwaka huo huo alikataa cheo cha heshima cha mfalme kwa sababu hakutaka kuacha uraia wa Marekani. Alikufa London mwaka 1925 akiwa ameacha maelfu ya kazi.

Na Amélie? Hakuanguka kabisa kama wengine wanavyosimulia, aliendelea kutoka, na aliendelea kuchorwa. Mwaka 1891 Gustave Courtois alimchora kwa gauni jeupe, uso upande vile vile, na kamba imeshuka begani, imeshuka jamani, na hakukuwa na makelele. Mwaka 1898 Antonio de La Gandara akamchora tena, safari hii karibu ametupa mgongo. Mtu aliyeaibishwa na picha mpaka mama yake akalia, bado akarudi kukaa mbele ya wachoraji wengine, na kwa Courtois akarudia lile lile lililomponza. Mimi naona mule ujasiri ambao hakuna aliyempa sifa yake. Wanaume waliomchora walitoka kwenye kazi yao na majina, yeye akabaki kusemwa kwamba alizeeka akaogopa vioo.

Sargent alikaa na picha ya Madame X studio kwake miaka zaidi ya 30. Amélie alifariki mwaka 1915. Mwaka uliofuata Sargent akaiuza kwa Metropolitan kwa pauni 1,000, akamwandikia mkurugenzi kwamba anadhani ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya. Na akaomba kitu kimoja, kwamba kwa sababu ya ugomvi aliokuwa nao na yule bibi zamani, picha isiitwe kwa jina lake. Ndo ikawa Madame X. Nikifika hapo huwa nasimama. Kazi bora ya maisha yako, umeipata kwa kusimama kwa mwanamke huyu, na mwaka mmoja baada ya kuzikwa unaandika jina lake lifutwe? Najua zipo sababu za adabu za wakati ule, familia ya watu ilikuwepo, lakini sababu aliyoiandika ni ugomvi.

Mwaka 2025, miaka 100 tangu Sargent afe, picha ilipelekwa Paris kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, kwenye maonyesho ya kazi zake za miaka ya Paris. Ile ya Courtois, ya gauni jeupe, ni mali ya makumbusho hayo hayo ya Orsay.

Haya mambo ya wake za watu na picha bado yapo. Sargent mwenyewe mwaka 1888 alimchora Isabella Stewart Gardner kule Boston, picha ikaonyeshwa kidogo, watu wakaongea, mume akaomba isionyeshwe tena, na ikafichwa. Mimi kwangu hapa nimeshaletewa picha na shemeji wa mtu, imefungwa kwenye gazeti, dada chukua tu, nyumbani hawaitaki, wakati aliyekaa alikuwa ameipenda mpaka amelia. Ndo maana siku hizi kabla sijapokea adivansi tunakaa chini na mteja mwenyewe, siyo na anayelipa, naye. Tunakubaliana avae nini, niposti au nisiposti, nyuma ya fremu niandike jina gani, na familia ikikasirika tunafanyaje. Akisema nisiposti siposti hata kama ndo kazi yangu kali ya mwaka. Jina lake naliandika kwanza, langu linafuata chini.

Sasa hivi nina oda ya bi harusi mmoja wa Ujiji, anataka asimame, kitenge cha Kongo cha rangi ya indigo, mabega wazi, na ameniambia wazi kwamba mama mkwe hatapenda na yeye ameamua. Tunaanza Jumamosi mchana kivulini, mapumziko kila akiniambia amechoka.